Kelele za Usiku Nairobi: Maswali Ambayo Wakazi Hawachoki Kuuliza

Kwa miaka sita nimekuwa katibu wa kamati ya wakazi katika mtaa mmoja kando ya Barabara ya Thika. Kazi hiyo haina mshahara, ina simu tu. Simu huanza kulia Ijumaa usiku na kunyamaza Jumatatu alfajiri. Anayepiga hana muda wa salamu. Ananyoosha simu dirishani ili nisikie mwenyewe, kisha ananiuliza, "Katibu, hii ni haki kweli?" Maswali yenyewe ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu.

Si muziki unaruhusiwa hadi saa nne usiku?

Hapana. Sijui saa nne ilitoka wapi, lakini Nairobi nzima inaiamini. Mwenye baa huitaja, mwenye sherehe huitaja, hata askari wa lango anaitaja. Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele zinasema usiku unaanza saa 2:01 na kuisha saa 12:00 asubuhi. Taarifa ya habari ya saa tatu inapoanza, usiku wa kisheria umeshatimiza karibu saa nzima.

Saa nne ni desturi, na desturi ina faida zake: majirani wengi huvumiliana mpaka saa hiyo, na mimi mwenyewe sipokei malalamiko ya saa mbili na nusu kuhusu keki ya mtoto. Ila mtu akikuambia "bado saa nne haijafika, sheria iko upande wangu", jua kwamba sheria hiyo ameitunga yeye.

Sheria yenyewe ni ipi, na ni ya nani?

Ziko ngazi tatu. Juu kabisa ni Katiba ya 2010, ambayo katika Kifungu cha 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Chini yake kuna Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, iliyounda NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na chini ya sheria hiyo zikatungwa Kanuni za 2009 za kudhibiti kelele na mitetemo iliyozidi. Hizo za 2009 ndizo zenye namba na saa.

Ngazi ya tatu ni kaunti. Jedwali la Nne la Katiba linazipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa kelele na kero nyingine za umma. Kwa hiyo City Hall, yaani serikali ya kaunti, ikikuambia kelele ni kazi ya NEMA, na NEMA ikikuambia rudi City Hall, kila mmoja amesema nusu ya ukweli. Wote wawili wana mamlaka.

Kiwango kinachoruhusiwa ni kipi?

Hupimwa kwa desibeli. Mchana, yaani kuanzia saa 12:01 asubuhi hadi saa 2:00 usiku, eneo la makazi linaruhusiwa desibeli 50 nje na 45 ndani ya nyumba. Eneo la makazi lililochanganyika na biashara na burudani, kama sehemu kubwa ya Roysambu au Kilimani ya leo, linaruhusiwa 55. Eneo la biashara ni 60. Maeneo ya kimya ni 40.

Usiku hesabu ni rahisi, kwa sababu zote hizo hushuka hadi 35. Makazi ni 35, mchanganyiko ni 35, hata eneo la biashara ni 35.

Namba 35 ni ndogo sana. Friji inayonguruma jikoni hukaribia 40, na watu wawili wakizungumza kawaida mezani hufika 60 hivi. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi: kila zinapoongezeka 10, nguvu ya sauti imezidishwa mara kumi. Ukitoka 35 hadi 55 umezidisha nguvu mara mia moja. Ndiyo maana mwenye klabu anayesema "nimezidisha kidogo tu" anaweza kuwa anasema asichokijua.

Nakubali kwamba barabara nyingi za Nairobi huvuka 35 bila mtu yeyote kupiga muziki. Upepo, matatu ya mwisho na mbwa wawili wanatosha. Wanaopinga malalamiko hupenda kulitaja hilo. Jibu lake liko katika kanuni zenyewe: kipimo si namba pekee. Huangaliwa pia saa ya kelele, ukaribu wake na nyumba za watu, kama inajirudia au ni ya mara moja, kama imekuzwa kwa vyombo vya umeme, na kama ingeweza kupunguzwa bila taabu wala gharama kubwa. Spika inayopunguzwa kwa kuzungusha kidude kimoja haina utetezi hapo.

Naweza kupima kwa programu ya simu?

Pima, lakini usiitegemee. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya kusikia mdomo ulio karibu. Simu mbili zilizowekwa pamoja kwenye kizingiti cha dirisha hazisomi namba moja, tumejaribu. Kipimo kinachosimama mahakamani ni cha ofisa mwenye kifaa kilichorekebishwa. Namba ya simu yako inafaa kumshawishi ofisa huyo atoke ofisini.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Kipimo kinachotumiwa katika kanuni ni kile kinachoiga sikio la binadamu, na sikio halisikii vizuri sauti nzito. Kwa hiyo kifaa huzipunguza sauti nzito kwenye hesabu. Mdundo wa besi ulio karibu na hezi 63 hupunguziwa desibeli 26 hivi kabla ya kuhesabiwa. Sasa fikiria: mdundo huohuo ndio unaopenya ukuta na kutetemesha kabati la vyombo. Unaweza kulala kitandani ukihesabu kila mpigo kwa mbavu zako, na kifaa kikaonyesha namba ya upole. Ofisa akija, mwambie waziwazi kwamba shida yako ni besi na mtetemo. Kanuni za 2009 zina sehemu ya mitetemo pia: usizidi nusu sentimita kwa sekunde nje ya mpaka wa kiwanja unakotoka.

Na fahamu kwamba namba za sheria ni wastani wa kipindi kizima, yaani muda wa saa kumi kwa usiku. Ukipima dakika moja ya wimbo mkali umepima kilele. Rekodi ndefu ina uzito kuliko kilele.

Baa iko mbali na kwetu. Mbona usiku inasikika kama iko sebuleni?

Si mawazo yako. Mchana ardhi hupata joto na sauti hupinda kwenda juu, ikapotea. Usiku ulio wazi, ardhi ya Nairobi hupoa haraka na hewa baridi hutanda chini. Sauti inayoondoka hurudishwa chini tena, ikatua mitaa miwili mbele. Pale penye bonde la mto, kama mabonde ya Mathare na Kirichwa, husafiri vizuri zaidi. Ndiyo sababu mwenye baa akija mchana kwako na kukuambia "mbona hapa hata hapasikiki", anakuwa anasema kweli. Mwalike saa saba usiku.

Jirani wa juu ana wufa, ile spika ya besi. Nianzie wapi?

Anzia mlangoni kwake, lakini si wakati wa kelele. Saa sita usiku wewe una hasira naye ana wageni, na mbele ya wageni hakuna mtu anayekubali kosa. Nenda kesho yake jioni, mikono mitupu. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu kwetu alimwambia kijana wa ghorofa ya nne hivi: "Mwanangu, muziki wako ni mzuri, ila mimi naamka saa kumi kwenda soko la Marikiti. Ile spika ukiitoa sakafuni ukaiweka juu ya meza yenye godoro kuukuu chini yake, tutaishi." Kijana akasema, "Pole sana mama, sikujua inafika huko." Kweli hakujua. Spika iliyokaa sakafuni huifanya slebu nzima, yaani sakafu ya zege, kuwa ngoma, na anayelala chini yake husikia kuliko anayecheza.

Isipofaa, nenda kwa keateka, msimamizi wa jengo, kisha kwa mwenye ploti au ajenti, kwa maandishi. Soma mkataba wako wa kupanga. Mingi ina kipengele cha kutosumbua wapangaji wengine, na anayekivunja anaweza kupewa notisi. Mnaomiliki nyumba katika majengo ya ghorofa, Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 inawapa wamiliki chombo chao cha usimamizi chenye sheria ndogo. Humo mnaweza kuandika saa zenu za utulivu, na hapo ndipo ile saa nne inaweza kupata maana ya kweli, kama mkiipigia kura.

Watoto kukimbia, mtu kutwanga kitunguu saumu, kiti kuburutwa: hayo ni maisha. Sijawahi kuandika barua kuhusu kinu na sitaandika.

Baa au klabu imefunguliwa katikati ya makazi. Inaruhusiwa?

Hapa ndipo simu yangu humaliza chaji. Tenganisha mambo matatu: leseni ya pombe, saa za kuuza, na kelele. Mwenye baa akibanwa kwa moja hukuonyesha karatasi ya jingine. Leseni ya pombe si ruhusa ya kupiga muziki mtaani.

Sheria ya kitaifa ya 2010 ya kudhibiti vileo, ile ambayo Wakenya waliibatiza "sheria ya Mututho" kwa jina la aliyekuwa Mbunge wa Naivasha, iliweka saa za baa kuwa saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu. Iliweka pia umbali wa mita 300 kutoka shuleni. Baada ya ugatuzi, leseni zikahamia kaunti, na Nairobi ina sheria yake ya 2014 yenye madaraja mbalimbali ya leseni. Kwa hiyo usibishane na meneja kuhusu saa kabla hujajua leseni yake ni ya daraja gani. Inatakiwa kubandikwa mahali inapoonekana. Ingia, agiza soda, isome. Nimefanya hivyo mara mbili. Mara moja ilikuwa leseni ya mkahawa, na dijei alikuwa amesimama juu ya jukwaa lenye taa za rangi sita.

Mwishoni mwa 2022 serikali ya Gavana Johnson Sakaja ilitangaza kwamba vilabu vya usiku havitapewa leseni katika majengo na maeneo ya makazi. Tangazo hilo lilizua mabishano makali, na kila anayepita Mirema au Kilimani Jumamosi usiku anaweza kujiamulia lilifika wapi. Hata hivyo lina faida moja kwako: wakati wa kuhuisha leseni, wakazi wana haki ya kupinga. Pingamizi lililoandikwa, lenye sahihi za nyumba kumi na tano na tarehe za kelele, likipelekwa kwa kamati ya leseni ya kaunti ndogo kabla ya kikao, lina nguvu kuliko simu mia za saa nane usiku. Wengi wetu hukumbuka kupinga wakati leseni imeshatoka.

Baa moja karibu na kwetu, ambayo sitaitaja, ilitupotezea usingizi kwa miezi kumi na mmoja. Hatukuishinda kwa kelele zetu. Tuliishinda kwa kugundua kwamba paa lake lilikuwa turubai, tukaiomba kamati iweke sharti la dari na ukuta kabla ya leseni mpya. Mwenyewe alilalamika kuhusu gharama, akajenga, na siku hizi wateja wake wanamsifu kwamba ndani wanaweza kuongea.

Kanisa la jirani lina kesha kila Ijumaa. Je, kulilalamikia ni kupinga ibada?

La. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa kuabudu, na hakitaji spika popote. Mungu anayesikia maombi ya moyoni hahitaji wati elfu mbili. Hayo nimewahi kumwambia mchungaji, naye alicheka kabla ya kukasirika.

Jedwali la 2009 limetaja mahali pa ibada kwa jina na kupawekea kiwango sawa na eneo la kimya: 40 mchana, 35 usiku. Makanisa hulisoma kama ulinzi wao dhidi ya kelele za nje. Majirani hulisoma kama mpaka wa kanisa lenyewe. Naona kila upande umeona jambo, lakini hakuna namna ya kulisoma linaloruhusu mahubiri ya desibeli 80 saa nane usiku katika ukumbi wa mabati.

Kinachosaidia ni kuzungumza na wazee wa kanisa, na kuzungumza nao kuhusu vifaa. Spika za nje zizimwe saa mbili, zibaki za ndani. Ngoma ziondolewe ukutani. Milango ya upande wa nyumba ifungwe. Kanisa lenye waumini thelathini halina haja ya spika zinazoelekezwa barabarani, isipokuwa linahubiria sisi tuliolala.

Adhana ni suala tofauti kidogo, kwa sababu ni dakika chache na saa zake zinajulikana. Eastleigh, Pumwani na South C watu huishi nayo na wengi hupangia siku yao kwayo. Malalamiko machache niliyoyasikia yalihusu honi moja iliyoelekezwa kwenye dirisha la chumba cha kulala, na yaliisha fundi alipopanda mnarani na kuigeuza.

Mjengo wa jirani unapiga kazi hadi usiku.

Mijengo ina jedwali lake. Mchana wake ni mfupi: saa 12:01 asubuhi hadi saa 12:00 jioni. Karibu na makazi, hospitali na shule, mwisho ni desibeli 60 mchana na 35 usiku. Sehemu nyingine ni 75 na 65. Jua likizama, kazi yenye kelele karibu na nyumba za watu imekwisha, isipokuwa dharura ya kulinda usalama au ukarabati wa huduma kama maji na umeme.

Mkandarasi atakuambia slebu haiwezi kukatishwa ikishaanza kumwagwa. Ni kweli, ukikatisha unapata kiungo dhaifu. Lakini slebu hupangwa. Ikianza saa mbili asubuhi na mashine za kutosha, humalizika jioni. Ikianza saa tisa alasiri kwa sababu lori la kokoto lilichelewa, hilo ni tatizo la ratiba yake, na usingizi wako haukuwa sehemu ya bajeti.

Tazama bango lililo langoni. Mjengo halali huonyesha namba ya idhini ya kaunti, leseni ya NEMA na usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Piga picha. Lalamiko lenye namba ya leseni hufika kwenye faili ya mtu fulani. Lalamiko lisilo na namba hufika kwenye droo. Leseni ya mazingira huwa na masharti, na saa za kazi mara nyingi ni mojawapo.

Hema limefunga barabara ya mtaa kwa matanga au harusi. Nivumilie?

Mimi huvumilia matanga. Wiki ya msiba ina mwisho, na kesho hema litakuwa langu. Lakini hata familia iliyofiwa inaweza kuombwa spika moja badala ya nne baada ya saa nne, na mara nyingi ni mpwa fulani aliyekodi vyombo wala wenye msiba hawavitaki. Mwendee mzee wa familia, mpe pole kwanza.

Harusi na sherehe za kuzaliwa zinahitaji kibali cha kaunti ikiwa zinatumia vipaza sauti au zinafunga barabara. Tuliwahi kumwambia jirani asogeze ruracio, sherehe ya mahari, ianze saa nne asubuhi badala ya saa nane mchana. Ikaisha saa moja jioni, kila mtu akala, hakuna aliyegombana.

Na gari la "dawa ya panya, mende, kunguni"?

Sauti iliyorekodiwa inayozunguka mtaani ni kelele iliyokuzwa kwa umeme, na kuitangaza biashara kwa vipaza sauti bila kibali hakuruhusiwi. Sababu ya kuendelea ni kwamba mwenye gari anapita dakika kumi kisha yuko mtaa mwingine, na askari wa kaunti hawamkuti. Kwetu tulielewana na lango: mchuuzi aingie, megafoni ibaki nje. Mama mboga hakuhitaji megafoni. Jina lake linatosha.

Honi za matatu saa kumi na moja alfajiri?

Honi ni ya kuonya hatari, si ya kuita abiria. Hapa tumeshindwa wengi. Njia iliyowahi kufanya kazi ni kuandikia sako ya gari husika, yaani chama cha wenye matatu, pamoja na namba ya gari na saa. Sako nyingi zina faini za ndani ambazo dereva huziogopa kuliko za serikali.

Jenereta, pampu ya maji, mbwa?

Jenereta ijengewe kibanda na bomba la moshi liwe na kizuia sauti. Pampu ikalishwe juu ya raba, ni ya bei ndogo na hunyamazisha nyumba tano. Mbwa anayebweka usiku kucha kwa kawaida amefungwa, ana njaa au ana upweke. Zungumza na mwenyewe kabla ya kuzungumza na NEMA.

Niripoti wapi?

Kelele ikiendelea usiku huu, piga 999 au 112, au nenda kituo cha polisi kilicho karibu. Usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kero ya umma ni kosa chini ya Sheria ya Adhabu, kwa hiyo ofisa hawezi kukuambia "hiyo si kazi yetu".

Kelele ikijirudia, andika. Peleka barua kwa ofisi ya mazingira ya kaunti ndogo yako, nakala kwa NEMA, ambayo makao yake makuu yako Popo Road, South C, na nakala kwa chifu. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Chifu na wazee wa Nyumba Kumi, ule mpango wa usalama wa majirani, hawana kifaa cha kupimia, ila wanaweza kumwita mwenye baa akaja, jambo ambalo barua ya NEMA huchukua muda kulifanya.

Niwe na ushahidi gani?

Daftari. Nasema hivi kila wiki na kila wiki watu hunitumia video ya sekunde kumi na tano yenye giza tupu. Andika tarehe, saa ilipoanza, saa ilipoisha, ulikuwa wapi ndani ya nyumba, madirisha yalikuwa wazi au yamefungwa, na kilichokupata. Kwa mfano: "Jumamosi, saa 5:10 usiku hadi 9:40. Chumba cha kulala, dirisha limefungwa. Mtoto aliamka mara tatu. Nilipiga simu ya meneja saa 6:00, hakupokea. OB nimeandikisha." Mistari minne hivyo, usiku nane au kumi, kutoka nyumba tatu tofauti. Tarehe zikilingana katika madaftari matatu ambayo hayajaonana, hakuna wakili anayependa kuyahoji.

Polisi wakija muziki unazimwa. Wakiondoka unarudi. Sasa?

Hayo nayo yaandike. Saa waliyofika, saa waliyoondoka, saa muziki uliporudi. Kuzima mbele ya polisi ni kukiri kwamba wenye muziki waliwasikia mkilalamika na kwamba kidude cha kupunguza kipo. Ukurasa huo ulikuwa wa thamani kuliko kurasa zote tulipofika kwenye kamati ya leseni.

Naogopa kujulikana. Wenye klabu ni watu wazito.

Woga huo una sababu, sikucheki. Usiende peke yako. Lalamiko liwe la kamati, chama cha wakazi au wamiliki, lenye sahihi nyingi, na barua itiwe saini na mwenyekiti. Kama hakuna chama, nyumba tano zinaweza kuandika pamoja. Usijibizane na mabaunsa langoni, wala usitaje jina la mtu kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Kundi la mtaa lina masikio mengi kuliko mtaa wenyewe.

Adhabu ni ipi?

Kwa Kanuni za 2009, faini isiyozidi shilingi 350,000, au kifungo kisichozidi miezi 18, au vyote viwili. NEMA inaweza pia kutoa amri ya kurekebisha, na kaunti inaweza kunyima leseni. Wenye biashara huogopa la leseni zaidi. Faini hulipwa kwa mauzo ya Jumamosi mbili.

Naweza kwenda mahakamani mwenyewe?

Ndiyo. Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kwenda kudai haki ya mazingira, na hakikulazimishi kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Mahakama ni ile ya Mazingira na Ardhi. Kama unapinga leseni ambayo NEMA imeutolea mradi, njia ni Baraza la Rufaa la Kitaifa la Mazingira, na siku ni 60, kwa hiyo usikae. Ni safari ndefu na ya gharama. Nenda huko mkiwa wengi na daftari likiwa limejaa.

Ni mimi ninayetaka kufanya sherehe. Nifanyeje?

Chukua kibali. Bandika karatasi langoni siku tatu kabla, yenye saa ya kuanza, saa ya kumaliza na namba ya simu itakayopokelewa na mtu ambaye hajalewa. Geuza spika zitazame ndani. Umbali ukiongezeka maradufu mahali pa wazi, sauti hupungua kama desibeli 6, kwa hiyo kusogeza vyombo kutoka mita tano hadi ishirini kutoka kwenye ukuta wa jirani kunampunguzia 12 bila kugusa kidude. Na umpelekee jirani sahani ya pilau. Sheria haisemi hivyo, lakini sijawahi kupokea lalamiko kutoka kwa mtu aliyekula.

Nataka kuhama. Nitajuaje mtaa una kelele kabla sijalipa diposi?

Nyumba zote huonyeshwa Jumanne saa tano asubuhi, saa ambayo hata barabara kuu huwa imetulia. Rudi Ijumaa saa nne usiku, usimame nje ya lango dakika ishirini. Rudi Jumapili saa tatu asubuhi. Angalia kama kiwanja cha pembeni ni kitupu, maana kiwanja kitupu Nairobi ni mjengo ambao haujaanza. Angalia mapaa: honi za spika zimeelekea wapi? Kisha nunua nyanya kwa mama mboga wa pale na umuulize wapangaji wa nyumba hiyo huwa wanakaa muda gani. Akicheka kabla ya kujibu, usilipe.